Ajanta, Ellora, Karla au Kanheri: uende lipi ukiwa upande wa Mumbai?

Watu wengi wa kwetu wanaofika Mumbai hawakuja kutalii. Wamemleta mgonjwa, wamefuata mzigo wa vitambaa au vipuri, au wana mtoto anasoma Pune. Katikati ya shughuli hizo hutokea nafasi: daktari kasema mrudi Alhamisi, mzigo haujakamilika, chuo kimefungwa kwa sikukuu. Wengi huimalizia madukani. Haya ni kwa yule anayetaka kuitumia nafasi hiyo kuona mahekalu ya Wabuddha yaliyochongwa ndani ya majabali, na anababaika kwa sababu kila anayemuuliza anamtajia jina tofauti.

Nimjibu mapema. Kama ni michoro inayokuvuta, nenda Ajanta hata kama ni mbali. Kama unataka kujua watawa waliishi vipi, Kanheri inatosha, na jioni utalala pale pale ulipoamkia. Ukumbi mmoja wa kukuacha kinywa wazi uko Karla. Ellora inamfaa zaidi yule ambaye Ubuddha kwake ni sehemu tu ya safari. Lakini kila jibu hapo lina masharti yake, na masharti ndiyo yanayomchosha mtu akishafika.

Elephanta nimeiacha nje kwa makusudi. Wauza tiketi za boti pale Gateway of India watakwambia ndiyo hayo hayo mapango. Ni kisiwa kizuri, na sanamu ya Shiva yenye nyuso tatu inastahili safari yake, ila hekalu lile ni la Shiva, mungu wa Wahindu. Ya Wabuddha yaliyobaki kisiwani ni kidogo mno, na watalii wengi hurudi bila kuyaona.

Unachokwenda kuona

Usitegemee mapango ya asili kama ya Amboni. Haya ni majengo, ila hayakujengwa, yalitolewa ndani ya jiwe. Nyanda za Deccan zimefunikwa na mwamba mweusi wa volkano uliolala matabaka kwa matabaka, mgumu lakini unaokatika vizuri. Mafundi walianzia juu: dari kwanza, wakashuka na kuta, sakafu mwisho, kwa hiyo hawakuhitaji jukwaa la kupandia. Kosa la tindo halikuwa na kiraka. Pale ambapo kazi iliachwa njiani, kama pango namba 24 la Ajanta, unaona kabisa walivyokuwa wakila mwamba hatua kwa hatua.

Vyumba ni vya aina mbili. Kuna ukumbi wa ibada, mrefu, wenye safu mbili za nguzo na dari iliyopinda, na mwisho wake imesimama stupa, yaani kuba la jiwe ambalo waumini hulizunguka kwa heshima. Na kuna makazi ya watawa: ukumbi wa mraba uliozungukwa na vyumba vidogo, vingi vikiwa na kitanda cha jiwe kilichoachwa humo humo wakati wa kuchonga. Mapango ya kale kabisa hayana sanamu ya Buddha hata moja. Enzi hizo aliwakilishwa na stupa, au nyayo, au kiti kitupu. Sanamu zilikuja baadaye, na ukilijua hilo unaweza kukisia umri wa pango kabla hujasoma kibao.

Kanheri: ya mtu mwenye siku moja

Kanheri imo ndani ya jiji lenyewe, katika Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi. Unapanda treni ya mjini ya mstari wa Western, unashuka Borivali upande wa mashariki, na lango la hifadhi haliko mbali. Kutoka langoni hadi mapangoni kuna kilomita kama sita za kupanda, na kuna basi la hifadhi. Chui wapo kweli katika msitu ule, ila mchana hutawaona. Watakaokusumbua ni tumbili. Mfuko wa ndizi usiushike mkononi.

Mapango ni zaidi ya 100, na watawa walikaa hapo kuanzia karibu karne ya 1 kabla ya Kristo kwa muda wa miaka kama elfu moja. Sema kweli, kwa uzuri wa nakshi Kanheri haishindani na zile nyingine tatu. Pango namba 3 ndilo kubwa, ukumbi wa ibada wa karne ya 2, na barazani mwake wamesimama akina Buddha wawili, mmoja kila upande, kimo chao kama mita saba. Wageni wengi hupiga picha hapo, hununua matango yaliyotiwa chumvi na pilipili, kisha huuliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Mimi ningewaambia waendelee kupanda. Juu ya pango la tatu kuna ngazi zilizokatwa kwenye mwamba wenyewe, zimelika katikati kwa nyayo, na zinakupeleka mapango ya juu ambako watu ni wachache. Chagua lolote dogo, keti barazani. Utaona benchi la jiwe la kukalia, mlango, chumba kimoja cha kulala, na pembeni ya baraza shimo la mraba lenye maji. Hilo ni birika. Karibu kila pango lina lake. Inua macho utazame mwamba wa juu: kuna mifereji myembamba imechimbwa, mingine upana wa vidole viwili, ikikusanya maji ya mvua kutoka mgongo mzima wa mlima na kuyashusha birikani. Mvua kule hunyesha miezi minne tu, kisha ukame, na mlima hauna mto wa kutegemea mwaka mzima. Bila mifereji ile, mamia ya watawa wasingekaa pale hata mwaka mmoja. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe, akatawadha kwa maji ya birika la msikiti, hahitaji mwongoza watalii wa kumfafanulia.

Kuna jingine Kanheri linalotugusa. Maandishi kwenye kuta zake yanataja wafadhili waliolipia vyumba na mabirika: wafanyabiashara, sonara, watu wa Kalyan na Sopara, bandari zilizokuwa karibu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unazitaja bandari hizo mbili, na mwongozo huo huo unaitaja Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu. Bahari ilikuwa moja, na fedha iliyochimba mabirika yale ilitoka kwa watu wa bahari hiyo.

Ukiwa na nguvu za ziada, tafuta pango namba 11 lenye mabenchi mawili marefu ya jiwe yaliyoinuka kidogo tu toka sakafuni, ambapo watawa walikaa kwa safu wakitazamana. Halafu namba 90, ambako Waparsi, wafuasi wa dini ya kale ya Iran, waliopita mwaka 1009 na tena 1021 waliandika majina yao ukutani kwa Kipahlavi, lugha ya kale ya Iran. Watalii, kama wewe, ila wa miaka elfu iliyopita.

Karla: ya aliye Pune, au aliye njiani

Karla iko karibu na Lonavala, kati ya Mumbai na Pune. Kwa mwanafunzi wa Pune ni safari ya asubuhi na kurudi. Treni ya abiria husimama Malavli, na toka hapo ni bajaji, ambayo wenyewe wanaiita "auto".

Kuna mapango kadhaa, lakini unakwenda kwa ajili ya moja, ukumbi mkubwa wa ibada wa karne ya 1 au mwanzo wa ya 2, mkubwa kuliko kumbi zote za aina yake India. Urefu wake unakaribia mita 38, na kwenda juu ni mita kama 14. Nguzo ni 37: kumi na tano kila upande, na saba zisizo na nakshi nyuma ya stupa. Zile za pembeni zimesimama juu ya mitungi ya jiwe, na vichwani mwake kuna tembo waliopiga magoti wamebeba mume na mke. Juu kabisa, darini, zipo mbavu za mbao, mbao za kweli zilizopachikwa enzi zile na bado zipo. Mwamba hauhitaji boriti, kwa hiyo hazibebi chochote. Mafundi walizoea kumbi za mbao na hawakutaka ukumbi wa jiwe uonekane mgeni.

Mwanga huingia kwa dirisha moja kubwa lililopinda juu ya mlango, na unaiangukia stupa moja kwa moja huku pembeni kukibaki giza. Hapa ndipo utaelewa kwa nini walijisumbua. Nguzo nyingi zina maandishi ya aliyeitoa, wakiwemo watu walioitwa Yavana, jina walilopewa Wagiriki na wageni wa magharibi. Tajiri mmoja aitwaye Bhutapala, wa mji wa Vaijayanti, aliandikisha kwamba jumba hili la mwamba ndilo bora kuliko yote nchini. Alijisifu, lakini sioni wa kumkatalia.

Tatizo la Karla ni njia ya kufika. Ngazi ni mia tatu na ushee, na mbele ya mlango wa pango limejengwa hekalu la mungu wa kike Ekvira, anayeabudiwa sana na Wakoli, wavuvi wa pwani ya Mumbai. Jumamosi na Jumapili, na zaidi siku za sherehe yake, ngazi hufurika watu, maduka ya mashada na peremende yamebana pande zote, na utulivu wa ukumbi hutoweka. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Gari linaweza kukupandisha sehemu ya njia na kukupunguzia ngazi.

Ukiona umechoka na watu, vuka upande wa pili wa reli uende Bhaja. Ni ya kale zaidi, karne ya 2 kabla ya Kristo, ndogo, na mara nyingi haina watu. Nguzo zake zimeinamia ndani kidogo kama za jengo la mbao, na nje kidogo kuna kundi la stupa za ukumbusho zilizosongamana chini ya mwamba. Kwa mtu asiyependa fujo, Bhaja na Karla kwa siku moja ni mpango mzuri kuliko Karla peke yake.

Ajanta na Ellora: hapa ndipo watu hukosana

Zote mbili ziko upande wa mji wa Aurangabad, ambao sasa rasmi unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar. Usishangae ukikuta majina yote mawili, moja kwenye tiketi na jingine mdomoni mwa dereva. Toka Mumbai ni kilomita zaidi ya 300: treni ya usiku, au ndege ya kama saa moja. Zote ziliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1983. Kwa hiyo mashirika ya safari huziuza pamoja, na mtu mwenye siku moja tu hulazimika kuchagua.

Tuanze na Ajanta. Ni mapango yapatayo 30 yaliyopangwa kwenye ukuta wa bonde lililojikunja kama kwato, mto Waghora ukipita chini. Yalichongwa kwa vipindi viwili vilivyoachana sana. Machache ni ya karne ya 2 kabla ya Kristo na kidogo baada ya hapo. Kisha kazi ikalala karne kadhaa, hadi karne ya 5 ilipoanza upya kwa kishindo enzi za mfalme Harishena wa ukoo wa Vakataka. Baadaye watawa wakaondoka, msitu ukafunga njia. Tarehe 28 Aprili 1819 ofisa Mwingereza aitwaye John Smith, akiwinda chui milia, aliliona tao la pango namba 10 ng'ambo ya bonde. Akaingia na kukwaruza jina lake na tarehe kwenye nguzo yenye mchoro. Bado liko, juu kuliko unavyotarajia, kwa sababu siku hiyo alisimama juu ya kifusi.

Ajanta ni rangi. Ellora, Karla na Kanheri nazo zilipakwa rangi zamani, ila zimebaki kidogo tu. Hapa kuta nzima bado zinasema. Mafundi walipaka mwamba udongo uliochanganywa na majani makavu na makapi ya nafaka, juu yake chokaa nyembamba, kisha wakachora juu ya ukuta uliokauka kwa rangi za udongo mwekundu na wa njano, masizi, na buluu iliyotengenezwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Afghanistan. Ndiyo maana buluu hawakuimwaga hovyo.

Pango namba 1, kushoto kwa mlango wa chumba cha ndani, yupo Padmapani, mtakatifu wa Kibuddha aliye njiani kuwa Buddha, ameshika ua la yungiyungi kwa vidole viwili vitatu, kichwa kakiinamisha, macho kayashusha. Taa za humo ni hafifu kwa makusudi. Ukiingia kutoka juani hutaona kitu kwa dakika nzima, na watu wengi hutoka ndani ya dakika hiyo hiyo wakilalamika kwamba picha zimefifia. Simama. Acha macho yazoee. Kwanza litakuja taji, halafu mstari wa nyusi, halafu utagundua kwamba nyuma yake kuna umati mzima, nyani, tausi, majengo. Mwangaza wa kamera umepigwa marufuku, na viatu unaviacha nje.

Mtu wa pwani asiondoke bila kuona jahazi katika pango namba 2. Lina milingoti mitatu, mitungi imepangwa sitahani, na kwenye omo limechorwa jicho. Majahazi ya Lamu nayo yana macho mahali pale pale. Halafu nenda 17, yenye hadithi nyingi kuliko zote: tembo mwenye pembe sita, mwanamfalme aliyegawa kila alichokuwa nacho hadi watoto wake, wafanyabiashara waliovunjikiwa na chombo wakaangukia kisiwa cha majini wa kike. Na mwisho 26, ambamo Buddha amelala ubavu, sanamu yenye urefu wa mita kama saba, wafuasi wakimlilia chini yake.

Si kila kitu Ajanta kimehifadhiwa vizuri. Miaka ya 1920 mafundi wa Kiitalia walioletwa na Nizam, mtawala wa Hyderabad, waligandamiza plasta iliyokuwa ikibanduka, na hilo liliokoa mengi. Lakini pia walipaka vanishi iliyokuja kugeuka njano na kunasa uchafu. Wahifadhi wa India wamekuwa wakiisafisha miaka mingi sasa. Ukiona sehemu moja ina rangi angavu na ya jirani yake ni ya chai, sababu ndiyo hiyo.

Ellora iko tofauti. Mapango yanayohesabiwa ni 34: kumi na mawili ya Wabuddha, kumi na saba ya Wahindu, matano ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, yote kwenye mteremko mmoja wa kilomita mbili hivi. Ya Wabuddha ni ya mwaka 600 na kuendelea, kwa hiyo ni ya mwisho mwisho katika historia yao hapa, na yanaonyesha dini iliyokwishakuwa na sanamu nyingi na majengo ya ghorofa. Namba 12 ina ghorofa tatu, kwa nje imenyooka na kavu kama bweni, kumbe ghorofa ya juu kabisa wamepangwa akina Buddha saba upande huu na saba upande ule. Namba 10, Vishvakarma, ndiyo niipendayo. Dari yake ina mbavu kama za Karla, ila hizi ni jiwe tupu lililochongwa lifanane na mbao, na wenyeji huliita pango la seremala. Mbele ya stupa ameketi Buddha mkubwa. Mtu akiimba humo, hata kwa sauti ndogo, sauti hukaa hewani na kurudi, na mara kwa mara mlinzi au muumini huimba ili wageni wasikie.

Lakini Ellora ina Kailasa, pango namba 16, na Kailasa humeza kila kitu. Ni hekalu la Shiva la karne ya 8, la enzi za mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta. Si pango hata kidogo. Walichimba mlima kutoka juu hadi kina cha mita thelathini na zaidi, wakaacha katikati hekalu zima lenye mnara, madaraja na tembo. Liko mkabala na geti. Unaingia, unalikuta, unapoteza saa mbili, jua limeshachoma, na yale kumi na mawili ya Wabuddha unayapitia kama anayekimbilia daladala. Kama ni Wabuddha waliokuleta, ukifika getini ipinge tamaa, geuka kulia, anza na namba 1. Kailasa ibaki ya jioni, maana inatazama magharibi na mwanga wa alasiri unaipendeza.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza hekalu la Kibuddha hasa, mimi ni Ajanta bila kusita. Kwa anayeuliza ajabu ya kazi ya mikono, Ellora inashinda, na inashinda kwa hekalu ambalo si la Wabuddha.

Kuna jambo moja la kuipa Ellora alama kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kilomita chache tu kutoka hapo, Khuldabad, ndipo alipozikwa Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akafikia Deccan na kupanda hadi kuwa waziri aliyeshika hatamu za dola la Ahmadnagar, akawahangaisha Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, kwa miaka mingi. Mji wenyewe wa Aurangabad aliuanzisha yeye mwaka 1610, ukiitwa Khadki, na mfumo wa mifereji ya maji aliouweka ulilisha mji kwa karne nyingi. Alifariki 1626. Madereva wengi watakupeleka Khuldabad kuona kaburi la Aurangzeb, mfalme wa Wamughal, ambalo ni la wazi na halina mapambo. La Ambar uliulizie mwenyewe.

Siku za kufungwa, miguu na pesa

Ajanta hufungwa Jumatatu. Ellora hufungwa Jumanne. Kanheri nayo Jumatatu, pamoja na hifadhi yote. Tafadhali andika hili mahali, kwa sababu aliyepanga Jumatatu na Jumanne kwa Ajanta kisha Ellora atarudi Mumbai bila kuona lolote, wakati angegeuza tu mpangilio angeona yote mawili.

Kuhusu umbali: Ellora ni kilomita kama 30 kutoka mjini, hata bajaji inakufikisha. Ajanta ni kama 100, barabara ikiwa na magari mengi utatumia saa mbili na nusu hadi tatu. Aliye na haja ya Ajanta tu anaweza kushukia treni Jalgaon, toka hapo ni kilomita 60 hivi. Ajanta gari lako halifiki mlangoni. Unaliacha njia panda na kupanda basi la kilomita nne za mwisho.

Miguu ndiyo suala kubwa kwa wanaosindikiza wagonjwa au kwa mgonjwa mwenyewe aliyepata nafuu. Ellora ni nyepesi kuliko zote, njia ni tambarare na mapango makuu yako karibu karibu. Ajanta ina ngazi mwanzoni, kisha njia ndefu ya kandokando ya bonde. Wapo wabebaji wa viti kwa asiyeweza, mpatane bei kabla hajakaa. Kanheri, mapango ya mwanzo hayasumbui, ya juu ni kwa mwenye pumzi. Karla msimpeleke mtu aliyefanyiwa upasuaji juzi.

Kiingilio kwa mgeni ni rupia 600 kwa Ajanta, 600 kwa Ellora, na 300 kwa Karla, Bhaja na Kanheri, ambapo hifadhi nayo hutoza chake langoni. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Tembea na pasipoti. Kinachokula pesa kwa Ajanta ni gari la kutwa na malazi, kwa hiyo mkiwa wanne inashuka sana, ukiwa peke yako ipime mara mbili. Chakula Aurangabad si tabu kwa Mwislamu: mji una Waislamu wengi, na naan qalia, mchuzi wa nyama unaoliwa na mkate wa tanuri, ni chakula cha pale pale.

Msimu nao unabadilisha jibu. Novemba hadi Februari kote kunafaa. Aprili na Mei Aurangabad hupita nyuzi 40, na Ajanta lile bonde hushika joto. Hapo ningekwenda Karla asubuhi mapema na kuishia hapo. Juni hadi Septemba kusi huleta mvua. Ajanta maporomoko ya maji huamka mwisho wa bonde, Kanheri mifereji niliyoitaja hutiririka mbele ya macho yako, lakini mwamba unateleza vibaya. Vaa raba, si kandambili.

Adabu pia. Oktoba 1956, mjini Nagpur, B. R. Ambedkar, mwanasheria na mtetezi wa wanyonge, aliingia Ubuddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu waliobaguliwa kwa tabaka, na leo Wabuddha wengi wa India ni wa jimbo hili la Maharashtra. Utawakuta mapangoni, familia nzima, wengine wamevaa nguo nyeupe, wakizunguka stupa. Kwao hapo ni mahali pa ibada. Stupa huzungukwa kwa kuiweka mkono wako wa kulia, na sanamu haipandiwi ili kupiga picha.

Mwenye siku mbili kamili Aurangabad afike kwa treni ya usiku Jumatano alfajiri. Siku hiyo, akiwa mchovu, afanye Ellora, aanze saa sita mchana na mapango ya Wabuddha, Kailasa jioni, na Khuldabad apitie anapokwenda. Alhamisi aondoke saa kumi na mbili asubuhi, awe Ajanta geti linapofunguliwa saa tatu, apite mbele ya namba 1 na 2 bila kuingia na kwenda moja kwa moja hadi 26, kisha arudi nyuma polepole kuelekea mlangoni. Makundi ya mabasi huanzia namba 1 wote kwa pamoja, na atakapoifikia yeye watakuwa wameshatawanyika.